Ushauri: Filamu ya tamasha letu imenivunja moyo, na Jumamosi inaonyeshwa mbele ya wazee

Mwana_wa_Mkomani: Assalam aleikum ndugu zangu. Niko njia panda. Kuna filamu imepigwa kuhusu tamasha la muziki hapa Lamu, nami nimeiona kabla ya watu. Saa nzima na nusu, na hakuna wimbo hata mmoja unaofika mwisho. Udi ukianza kunoga, anaingia msimulizi kueleza punda na vichochoro. Kwenye ngoma ya kirumbizi fimbo zinagongana lakini zumari haisikiki, wamebandika kinanda juu yake. Mzee wetu wa tashkota, ile ala ya nyuzi na vitufe, hayumo kabisa. Jumamosi inaonyeshwa Mkunguni, mbele ya ngome, na nimeombwa niikaribishe. Nisimame, au nisingizie homa?

BintiShela: Wa aleikum salaam. Simama, sema mashallah, keti. Harusi ya dadangu mpiga picha alitupa biriani saa nzima na bibi harusi dakika tano. Tulilia, tukalipa.

MzeeWaBaraza: Mwanangu, Maulidi ya Riyadha tangu enzi za Habib Swaleh watu huketi mpaka dua ya mwisho. Mji uliomzaa Zein l'Abdin, bingwa wa udi, halafu udi unakatwa kwa habari za punda? Hiyo ni kukosa adabu kwa mwenye wimbo. Lakini wewe umeionaje kabla ya watu?

Mwana_wa_Mkomani: Rafiki alinionyesha.

Wakili_Langoni: Rafiki gani? Na kwa nini uombwe wewe, si mwingine?

Mwana_wa_Mkomani: Haya. Sauti niliirekodi mimi, kwa kinasa changu, usiku kucha. Nyimbo nzima ninazo. Kampuni ilichukua nakala, haikuzitumia. Na nimeshaongea na kijana wa projekta: filamu ikiisha tu, tunazipiga palepale, wazee wasikie walivyoimba. Sioni ubaya. Nyimbo si za kampuni.

Wakili_Langoni: Wala si zako, kaka. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki juu ya kurekodiwa kwake. Kinasa kuwa chako hakukupi wimbo. Ulitia sahihi mkataba?

Mwana_wa_Mkomani: Nilitia, ukurasa mmoja. Lakini waimbaji hawakuletewa karatasi yoyote, nilikuwapo. Kwa nini mimi ndiye niogope?

Kijana_Malindi: Usifute kitu! Tamasha la Harlem kule New York lilipigwa filamu 1969, mikanda ikakaa karibu miaka 50, filamu ikatoka 2021 na dunia ikasimama. Mimi kanda za taarabu za shangazi ziliwekwa juu ya friji, joto likazila zote. Mpaka leo haniamkii.

Nahodha_Kasa: Mimi nina shaka. Mkunguni napita asubuhi na jioni, sijaona tangazo. Na tashkota siku hizi nani anaipiga? Huyu anatutungia hadithi.

BintiShela: Hata mimi ile homa ilinitia wasiwasi.

Mwana_wa_Mkomani: Wallahi si hadithi. Mzee alikuja na tashkota yake imefungwa kwenye leso. Kitufe kimoja kimevunjika, amechomeka kijiti cha kiberiti. Upepo ulikuwa unapiga turubai, akakataa kuanza mpaka utulie. Watu wakaanza kunung'unika, yeye kimya, mkono juu ya nyuzi. Nikasogeza kinasa miguuni pake. Kunung'unika kule kumo, na turubai limo, na wimbo umo mpaka mwisho.

Nahodha_Kasa: Leso ya rangi gani?

Mwana_wa_Mkomani: Nyekundu, imepauka. Jina halisomeki.

MzeeWaBaraza: Nahodha, mwache. Huyo mzee namjua, na kijiti kile nimekiona kwa macho yangu. Mwanangu, usingoje Jumamosi. Mpelekee kwanza asikie akiwa kwake, yeye na wenziwe. Wakikataa, umekatazwa.

Nahodha_Kasa: Basi naondoa neno langu. Ila tangazo bado sijaliona.

Wakili_Langoni: Wakikubali, waandike na watie sahihi. Na huo mkataba upige picha unitumie leo, kabla hujabeba kinasa kwenda popote.

Mwana_wa_Mkomani: Nautuma. Kwa mzee nakwenda baada ya Isha. Lakini kijana wa projekta simwambii asije.