Waini gani iende na ndafu Krismasi?

Habari wakuu, mwaka huu tunapanda Moshi familia nzima, mzee kashatenga beberu wa ndafu na kuna machalari kama kawaida, mbege ipo ya kutosha ila mashemeji wanapenda waini na mi nimepewa kazi ya kununua. Tutakuwa kama 20. Nichukue ipi?

—
Mkuu chukua nyekundu kavu ya Dodoma, ile ya zabibu za Makutupora. Ina ukakasi fulani kwenye ulimi, sasa ukitafuna ule mnofu wa mbavuni wenye mafuta halafu ukapiga funda moja, mdomo unasafishika kabisa unatamani kipande kingine. Tamu usiipeleke kwenye nyama, inaua ladha ya moshi. Chupa ya 750 inatoa glasi 5, piga hesabu mwenyewe.

—
Naongezea, machalari yanataka nyeupe kavu, Chenin Blanc ipo ya Dodoma hukohuko, ile uchachu wake unakaa vizuri na ndizi na mchuzi. Iwe ya baridi sana.

—
Na nyekundu pia iingie kwenye friji nusu saa tafadhali, Desemba Moshi joto, ikinywewa vuguvugu unasikia spiriti tu. Pilipili punguzeni, zinapambana na kilevi mdomo unawaka.

—
Asanteni sana, nachukua 6 nyekundu na 3 nyeupe. Kwa bibi napeleka soda, hanywi.