Mwani wa hadubini kwenye dumu: tuuite mbolea?

Koleo: Maji ya kijani ya klorela na spirulina, jamii mbili za mwani, yanauzwa kama mbadala wa urea. Mimi nasema hayastahili jina la mbolea. Bwawa la wazi linalotunzwa vizuri hutoa kama nusu gramu ya mwani mkavu kwa lita. Naitrojeni ikiwa asilimia 8 ya uzito huo, lita 1,000 zina gramu 40. Mahindi yakitaka kilo 60 kwa hekta, utahitaji lita milioni moja na nusu. Urea ni kilo 130 tu. Dumu la lita 20 halifikishi hata gramu moja!

Tifutifu: Hesabu yako haina kasoro, mkuu, ila umepima kitu kimoja. Mwani una kaboni kidogo kwa naitrojeni yake, kama 6 kwa 1, kwa hiyo bakteria wakiula huachia naitrojeni badala ya kuipora udongoni kama wanavyofanya wakipewa mabua. Halafu kuna ute wa mwani unaoshikamanisha chembe za udongo. Wengi wanakosea namna ya kuuweka: wanamwaga juu juu kwenye jua kali, amonia inapaa. Fukia sentimita 5 hadi 10, kisha mwagilia.

Koleo: Ute kiasi gani, ndugu yangu? Lita 200 kwa hekta ni gramu 100 za mwani kwa mita za mraba 10,000. Kikapu cha samadi kinashinda.

Jaruba: Mnachanganya jamii. Klorela na spirulina hazifungi naitrojeni ya hewani, yaani haziigeuzi kuwa chakula cha mmea, hata kidogo. Wanaofunga ni akina anabena na nostoki, wenye seli maalumu zenye ukuta mnene unaozuia oksijeni, maana oksijeni huharibu kimeng'enya cha kazi hiyo. Kwenye majaruba ya mpunga, hali ikiwa nzuri, unaweza kupata kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta kwa msimu. Ukitia urea mapema, viumbe hivi vinaacha kufunga, kwa nini vihangaike? Fosforasi ikikosekana vinadumaa, konokono nao wanavila, na mpunga ukifunga kivuli mchezo umekwisha. Shamba kavu la mahindi usijisumbue: mwanga hupenya udongo milimita chache tu.

Hadubini: Mimi nina shida na majaribio yenyewe. Watu wanalinganisha maji ya mwani na maji ya bomba, mimea inanawiri, wanashangilia. Lakini kirutubisho cha maabara cha kukuzia mwani, kinachoitwa BG-11, kina gramu 1.5 za nitrati ya sodiamu kwa lita, yaani miligramu 247 za naitrojeni. Mwani wenyewe, kwa kipimo cha Koleo, umebeba 40. Hapo umejaribu nitrati! Weka vitalu vinne: maji matupu, kirutubisho kilichochujwa mwani, mwani uliosuuzwa, na mwani uliosuuzwa kisha ukachemshwa. Spirulina chuja kwa kitambaa cha nyuzi za karibu. Klorela hupenya kitambaa, iache itulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, rudia mara mbili.

Spirulina isiyosuuzwa ni hatari zaidi. Kirutubisho chake cha kukuzia, kiitwacho Zarrouk, kina gramu 16.8 za baikaboneti ya sodiamu kwa lita, ndani yake sodiamu gramu 4.6. Mwaga hiyo mara kwa mara kwenye mfinyanzi, udongo utafunga kama sakafu. Ute unashikamanisha, sodiamu inatawanya.

Tifutifu: La sodiamu nakubali. Basi lebo iseme "kiboresha udongo", itaje jamii ya mwani, gramu kavu kwa lita, na sodiamu. Uliovunwa bwawa la porini upimwe mikrosistini, sumu inayotolewa na baadhi ya mwani, kwanza, maana mboga zinaweza kuifyonza.

Koleo: Na siku ya kuvunwa. Mwani uliofungiwa gizani unamaliza oksijeni, unakufa na kuoza. Dumu likifunguliwa likanuka yai viza, neno "hai" lifutwe kwenye lebo hiyo.