Chombo cha watumia maji kijijini: watumiaji wanasema hela imeliwa. Taarifa ya mkutanoni iandikwe vipi ili waweze kuikagua wenyewe?

KatibuChombo_Kasulu

Mwakeye wadau. Naomba msaada wa wanaozijua kazi za vyombo vya watumia maji vijijini, yaani hizi CBWSO, jumuiya za wananchi zinazoendesha miradi ya maji.

Chombo chetu kiko wilaya ya Kasulu. Mradi ni wa mserereko, maji hushuka yenyewe bila pampu: chanzo kiko mlimani, tangi moja la mviringo, magati (vituo vya kuchotea maji) 14, nyumba kadhaa zilizounganishwa, shule mbili na zahanati. Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia na taarifa ya chombo imo kwenye ajenda. Kawaida yetu ni karatasi moja: mapato, matumizi, salio. Ikishasomwa watu wananung'unika, wengine wanasema wazi kwamba hela imeliwa, halafu baadhi wanaacha kuchota gatini na kurudi mtoni. Hakuna anayetaja kosa kwenye hesabu. Hawaiamini tu.

Maswali yangu ni matatu. Taarifa iwe na nini ili mtu wa kawaida aweze kuipima? Pili, tubandike majina ya wadaiwa sugu kwenye ubao wa matangazo au tusibandike? Tatu, kuna wenye mashamba bondeni karibu na chanzo. Wengi wao si wateja wetu. Je, nao tunawajibika kwao, au tunawajibika kwa wanaolipa tu?

---

Mhasibu_Vijijini

Katibu, anzeni na maji, fedha zifuate. Karatasi ya mapato, matumizi na salio haikaguliki na mtu aliyekaa chini ya mwembe kwa sababu hana cha kuilinganisha nacho. Yeye anajua anachota dumu ngapi na kila dumu analilipia shilingi ngapi. Taarifa ianzie kwenye hicho anachokijua.

Chukua mfano huu, namba ni za kuonyesha njia tu. Dira kuu (mita ya maji) ya kutokea tangini ilisoma 12,480 mwanzo wa mwezi na 13,930 mwisho wa mwezi. Maji yaliyotoka ni uniti 1,450. Sasa jumlisha dira za chini: magati 870, majumbani 165, shule na zahanati 60. Jumla 1,095. Uniti 355 zimetoka tangini na hazikufika kwenye dira ya mtu yeyote, karibu robo nzima. Hiyo ndiyo namba ya kwanza kuisoma mbele ya watu, hata kama inauma. Chombo kinachoificha kinajikuta kinashutumiwa kwa wizi wa fedha wakati tatizo lake ni bomba linalovuja.

Baada ya hapo njoo kwenye shilingi. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiwa shilingi 30, uniti ni 1,500. Uniti 1,095 zilizouzwa zilipaswa kuleta 1,642,500. Benki imeonekana 1,410,000. Madeni ya mwezi huo ni 180,000. Zimebaki 52,500 zisizo na maelezo, na mnazisema hivyo hivyo: hizi hatujazipata, tunazitafuta gati fulani na gati fulani. Ukisoma salio lililokaa sawasawa kila mwezi bila pengo hata la shilingi mia, mtu mwenye akili anajua limepangwa.

Upande wa matumizi yapo mambo mawili yanayoharibu imani kuliko yote. La kwanza ni fedha mbichi: mhudumu wa gati amekusanya, mwenyekiti anampigia amlipe fundi hapo hapo, risiti italetwa. Hela ikishatumika kabla ya kufika benki hakuna mkaguzi atakayeunganisha dira na akaunti tena. Makusanyo yote yaingie kwa namba ya malipo, ndipo yatoke kwa hati ya malipo yenye saini. La pili ni posho. Iandikeni mstari wake peke yake. Mkiizika ndani ya "gharama za uendeshaji" itafukuliwa tu, na siku hiyo hata ununuzi wenu halali wa koki utaonekana wizi. Fedha ya akiba ya matengenezo makubwa nayo ionekane peke yake, ikiwezekana kwenye akaunti ya pili.

Ubandikeni ukurasa huo kwenye kila gati wiki moja kabla ya mkutano. Aliyeuona mara ya kwanza mkutanoni hawezi kuuliza swali la maana.

---

FundiMserereko

Nakubaliana na Mhasibu, ila kabla hujamsomea mtu pengo la 52,500 hakikisha dira na dumu havikudanganyi. Wahudumu wa magati wanaitwa wezi bure kwa sababu ya mambo haya.

Dumu tunaloliita la lita 20 likijazwa mpaka shingoni hubeba zaidi ya hapo. Likibeba lita 22, uniti moja inatoa madumu 45 na si 50. Mhudumu amekusanya 1,350, nyie mnamdai 1,500. Asilimia 10 imepotea na hakuna aliyeiba. Pimeni dumu zinazotumika kijijini kwenu, kisha ama mchore alama ya lita 20, ama mkokotoe deni la mhudumu kwa ujazo halisi. Msiliache hivyo.

Dira ya gati ijaribiwe angalau mara mbili kwa mwaka. Andika inavyosoma, jaza pipa la lita 200 kwa ndoo iliyopimwa, soma tena. Inapaswa kuongezeka uniti 0.200. Ikiongezeka 0.180 inapunja chombo asilimia 10. Dira chakavu huwa hazioni maji yanayodondoka polepole, kwa hiyo nyumba inayojaza pipa usiku kwa koki iliyofunguliwa kidogo inaweza kuchota bila dira kuzunguka vizuri. Kinyume chake kipo pia: laini ikikauka kisha maji yakarudi, upepo unasukumwa mbele na kuzungusha dira za magati yaliyo juu. Hapo watu wanalipia hewa. Dawa yake ni valvu ya kutolea hewa kwenye kilele cha laini, na kufungua maji taratibu. Masika yakianza, vichujio vya dira vifunguliwe na kusafishwa, mchanga wa chanzoni huziba pale kwanza.

Kuhusu zile uniti 355, fanyeni kipimo cha usiku. Mtangazieni kila mtu, fungeni magati na valvu za nyumba saa 4 usiku, fungeni pia maji yanayoingia tangini, pimeni kina kwa fimbo yenye alama. Rudieni saa 9 usiku. Tangi la kipenyo cha mita 6 lina eneo la mita za mraba 28.3, hivyo kila sentimita ni lita 283. Kina kikishuka sentimita 8 kwa saa hizo 5, zimepotea lita 2,264, yaani kama lita 453 kwa saa. Kwa mwezi ni karibu uniti 326. Halisi itakuwa chini kidogo kwa sababu usiku, kila kitu kikiwa kimefungwa, msukumo ndani ya bomba ni mkubwa kuliko mchana. Hata hivyo sehemu kubwa ya upotevu umeshaipata. Usiku unaofuata fungeni valvu za matawi moja moja mjue ni tawi lipi linalovuja.

Wachukueni wanakijiji wawili au watatu wasio wa kamati washuhudie, hasa wale wanaolalamika zaidi. Washike fimbo wenyewe na waandike namba wenyewe. Mkutanoni wao ndio wasome matokeo.

---

Mkereketwa_Buhigwe

Mimi majina ya wadaiwa nayaunga mkono. Mkutano ukiazimia yabandikwe, yabandikwe. Anayelipa shilingi 30 za dumu kila siku ana haki ya kujua nani anakunywa bure.

---

Afisa_Jamii

Mkereketwa, hasira yako ina msingi, ila njia hiyo ina shimo. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika, na azimio la mkutano wa kijiji haliifuti. Deni la mtu mmoja mmoja libandikwe kwa namba ya mteja. Mwenye deni atajijua, na jirani atajua jumla ya madeni. Taasisi ni jambo jingine: shule, zahanati, ofisi, nyumba ya ibada. Hizo ziandikwe kwa majina na kiasi. Mara nyingi ndizo zenye madeni makubwa, na ndizo kamati inaona haya kuzitaja huku ikimkatia maji mjane wa deni la 4,000. Hilo watu wanaliona, na ndilo linalowakera kuliko hesabu zote.

Katibu, swali lako la tatu ndilo lililonifanya niandike. Ndiyo, mnawajibika kwa wenye mashamba bondeni, pengine kuliko kwa wateja, kwa sababu wao wameachia kitu na hawapati dumu hata moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 za hifadhi kutoka ukingo wa mto. Kwenye karatasi ni rahisi. Bondeni, mita 60 ni bustani ya mboga na maharage ya kiangazi ya familia nzima. Mkiwaambia "sheria inakataza" na kuondoka, watalima usiku, na dawa za mboga zitaingia kwenye maji yenu.

Kaeni nao kikao chao peke yao kabla ya mkutano mkuu. Pimeni mpaka pamoja nao, kwa kamba, na kuupanda miti inayokubaliwa kwenye vyanzo, si mikaratusi. Ahadi yoyote mliyowapa wakati mradi unajengwa, iwe gati la karibu, kazi ya ulinzi wa chanzo au ardhi mbadala kupitia halmashauri ya kijiji, iandikwe: nani ameahidi nini, lini, imefikia wapi. Orodha hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu kila mara hadi iishe. Na walio chini ya chanzo msiwasahau. Mkichukua mto wote kiangazi, ng'ombe na watu wa chini hubaki na matope. Acheni maji yapite, na mseme hadharani mnaacha kiasi gani.

Usalama wa maji nao umo ndani ya uwajibikaji, ingawa taarifa nyingi haziugusi. Andikeni klorini (dawa ya kuua vijidudu) iliyobaki kwenye maji ya gati la mbali kabisa, inatakiwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo cha rangi cha kutumia mkononi kinatosha. Ikiwa sifuri, semeni sifuri, watu wachemshe.

Kwa malalamiko, sanduku peke yake halisaidii kitu. Mnahitaji daftari lenye namba ya lalamiko, tarehe, jambo lenyewe, aliyepewa kulishughulikia na tarehe ya jibu. Mkutanoni someni: yamekuja mangapi, yamejibiwa mangapi, yaliyobaki yanasubiri nini. Mtu akitaka kuona hati ya malipo au mkataba wa fundi, msimzungushe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 za kujibu, lakini karatasi iliyo kwenye faili lenu haihitaji siku 30.

Mkutano wenyewe, sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka uwe kila miezi mitatu. Usiwekwe siku ya gulio, wala saa ambazo akina mama wako foleni gatini, maana wao ndio wanaojua gati gani hukauka saa ngapi. Karatasi kubwa ukutani, hesabu isomwe kwa Kiswahili kisha kwa Kiha, na maswali yaanze kabla ya hotuba za wageni.

---

KatibuChombo_Kasulu

Asanteni sana wakuu. Kikao cha bondeni tutakifanya wiki hii, na taasisi zinazodaiwa nitaziorodhesha leo hii. Kikwazo kimoja: dira kuu ya tangini ilikufa zamani. Ile hesabu ya kwanza ya Mhasibu tutaifanyaje?

---

FundiMserereko

Kwa mkutano huu tumia fimbo. Chagueni siku ya kawaida na siku ya gulio. Kila siku fungeni maji yanayoingia tangini kwa muda wa saa mbili asubuhi na tena muda wa saa mbili jioni, magati yakiwa wazi, mpime kina kinashuka kiasi gani. Saa za mchana na usiku mkadirie kutokana na hapo, na kipimo cha usiku nilichoeleza kitawapa upotevu. Kwenye karatasi ya ukutani andikeni neno MAKADIRIO kwa herufi kubwa na mweleze mlivyopima. Msipime kwa maji yanayoingia kutoka chanzoni, kwa sababu tangi la mserereko likijaa maji humwagika kwenye bomba la kufurikia, na mtahesabu yaliyomwagika kuwa yameibwa.

Dira mpya iwe azimio la kwanza la mkutano, na bei kutoka maduka matatu isomwe hapo hapo. Wakati wa kuifunga, kanuni ya kawaida ni bomba lililonyooka mara 10 ya kipenyo kabla ya dira na mara 5 baada yake. Kwa bomba la milimita 80 ni sentimita 80 kabla ya dira na 40 baada yake, bila kona wala valvu katikati. Kichujio kikae kabla ya huo urefu. Chemba iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa fundi wa chombo, wa pili kwa mtu atakayechaguliwa na mkutano asiye wa kamati. Siku ya kusoma dira wafungue wote wawili.