Naomba ushauri: kuongea na kuandika Kihispania cha ngazi ya juu

Habari zenu, wakuu. Nasoma Kihispania chuo kikuu, mwaka wa tatu. Kusoma magazeti na kufuata mihadhara si shida tena. Kinachonisumbua ni kuongea na kuandika kwa kiwango wanachotaka walimu sasa.

Kwenye insha, sarufi inapita, lakini mwalimu anaandika pembeni kwamba hoja haziungani. Kila aya narudia "pero" (lakini) na "porque" (kwa sababu), wakati "sin embargo" (hata hivyo) na "puesto que" (kwa kuwa) nazijua vizuri, ila haziji ninapozihitaji. Halafu kuna subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la kueleza shaka, matakwa au jambo la kudhania. Sentensi kama "dudo que venga" (nina shaka kama atakuja) naimudu. Ikifika "si hubiera sabido" (kama ningalijua) katikati ya mjadala, ulimi unaganda. Mazoezi ya vitabuni napata yote, kwa hiyo naamini tatizo si kanuni bali ni kasi ya kuzitumia.

Nalenga DELE C1, mtihani wa Kihispania wa ngazi ya juu wa Instituto Cervantes (taasisi ya Uhispania ya kukuza lugha hiyo), ambao cheti chake hakiishi muda, na humo unajieleza kwa hoja mbele ya mtahini. Nautaka kwa dhati.

Kwa mliopita njia hii: mliwezaje kuongea kila siku bila mtu wa karibu anayeijua lugha? Kujirekodi na kujisikiliza kunasaidia kweli? Na kwenye uandishi, ni bora kuandika kidogo kila siku na kusahihishwa, au kuiandika upya insha moja mara kadhaa? Mimi naelekea hiyo ya pili, lakini nataka kusikia kwa aliyejaribu.