Tupeane uzoefu: ulikuwa unaifichaje jojo darasani, na nini kilikuumbua?

Kiti cha Nyuma

Wakuu, habari za jioni.

Leo asubuhi nimepekua mfuko wa sweta la binti yangu wa darasa la nne (ndiyo, sweta, Dar hii hii, msiniulize mimi, waulizeni waliopanga sare) nikakuta kitu. Nimemuuliza, akanipa jibu ambalo sijalimaliza kulicheka mpaka sasa. Nitaliweka humu baadaye. Kwanza nataka tukumbushane.

Mimi nimesoma Temeke, katikati ya miaka ya 90. Dawati la watu wawili tulikaa wanne, wa pembeni kalio moja liko hewani. Makosa yalikuwa mengi lakini hili la kutafuna lilikuwa na chumvi yake. Mwalimu anageuka kutoka ubaoni, chaki iko juu, anauliza taratibu: "Nani anatafuna?" Hapo darasa zima linaacha kupumua.

Mbinu yangu ilikuwa kutotafuna. Unaitafuna njiani mpaka ilainike, ukifika getini unaibandika juu kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Unakaa nayo. Ukitaka utamu unaigusa na ulimi, basi. Nilikaa hivyo karibu muhula mzima sijakamatwa.

Siku hiyo kipindi cha Kiswahili, nikasimamishwa kusoma kifungu cha habari. Wakuu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ta, da, na, la zote ulimi unagonga palepale nilipobandika! Ma na ba zinapita bila shida. Nikaanza vizuri, nikafika kwenye "walitandika", ulimi ukanasa. Nikajaribu kuuvuta, jojo ikadondoka katikati ya ukurasa. Ya rangi ya waridi. Ikatulia hapo.

Mwalimu hakunichapa wala hakunisema. Alikuja, akakifunga kile kitabu huku jojo ikiwa ndani, akakikandamiza kwa viganja viwili, akakibana kwapani, akaendelea kufundisha. Kitabu cha shule hicho, tunasoma watu watano kimoja. Kurasa zile mbili hazikuachana tena. Miaka mitatu baadaye mdogo wangu anarudi nyumbani analalamika kwamba hadithi ya kwenye kitabu chao inarukaruka, eti mtu anaondoka kwenda shamba halafu ghafla yuko hospitali. Nikanyamaza kimya.

Haya, zamu yenu. Wewe ulijificha vipi, na kilichokuponza ni nini?

Mpogo wa Buguruni

Mkuu umenikumbusha mbali. Wengi walikuwa wanakamatwa kwa sababu ya karatasi, siyo mdomo. Lile karatasi la ndani lenye nta likifunguliwa darasa likiwa kimya, utadhani mtu anakaanga samaki.

Sisi tulikuwa na dakika yetu maalumu. Mwalimu akiingia tunasimama wote, "Shikamooo mwaliiimu!", watu mia na ushee, sauti inafika mpaka ofisini. Hapo ndipo unapofungua. "Marahaba, hamjambo?" Unaweka mdomoni. "Hatujambo mwaliiimu!" Umeshamaliza, unakaa na wenzako. Mwalimu akikohoa kidogo kabla ya kuitikia unapata muda hata wa kukunja karatasi.

Kilichoniponza ni harufu. Tulikuwa zamu ya mchana, tumetoka kucheza mpira juani, darasa linanuka jasho, vumbi na kachori. Halafu katikati ya hiyo hewa mtu mmoja ananukia ndizi. Mwalimu alisimama mlangoni, akavuta pumzi kama anayenusa pilau la jirani, akaja moja kwa moja mpaka dawati langu. Hakuuliza hata jina.

Bibie wa Tandika

Sisi tuliovaa ushungi tulikuwa matajiri jamani. Shavu limefunikwa, kidevu kimefunikwa, unatafuna unavyotaka, ukiulizwa swali unainamisha kichwa kidogo kama mtu mwenye haya. Walimu wanakusifia adabu.

Mpaka siku nilipopiga chafya. Sijui ilitokaje, ila nilihisi imenata hapa chini ya kidevu, kwenye kitambaa cheupe. Nikajaribu kuibandua kwa kucha, ikavutika nyuzinyuzi. Nikajaribu na maji ya bomba, ndiyo kabisa, ikatanuka. Nimetembea mpaka nyumbani nimeshika kidevu kama naumwa jino.

Mama hakupiga kelele. Alinipa hela nikanunue barafu kwa jirani mwenye friji, ile ya kwenye mfuko wa nailoni. Akaikandamiza pale kwenye ushungi mpaka jojo ikawa ngumu kama kigae, akaikwangua na mgongo wa kisu, ikabanduka vipande vipande. Kisha akanikabidhi ule ushungi nifue mara tatu. Mpaka leo watoto wangu wakinatisha jojo kwenye nguo sihangaiki. Kwenye nywele ni habari nyingine, hapo barafu inasumbua. Paka mafuta ya nazi au ya kupikia, subiri, inalainika inateleza yenyewe.

Kandambili

Mimi mtaniona mjinga. Nilikuwa nameza. Kila nikisikia "nani anatafuna?" kitu kinashuka kooni. Siku hizo tunaambiwa ukimeza jojo utumbo unagandana, inabidi upasuliwe Muhimbili. Nimelala usiku mwingi nimeshika tumbo nasikilizia kama limeshaanza kugandana. Nilishaandika hata wosia, kwamba gololi zangu apewe mdogo wangu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

@Kandambili pole sana, lakini wosia wa gololi umenimaliza 😂. Haigandani utumbo. Kile kinachobaki ukishanyonya sukari ni kama mpira, tumbo haliwezi kukisaga, basi kinatoka na vingine kwa njia ya kawaida, siku mbili tatu. Shida inaweza kuwapata watoto wadogo wanaomeza nyingi mfululizo huku choo chao ni kigumu. Moja mbili za uoga wa mwalimu hazina neno.

Jicho la Mlangoni

Wenzenu Singapore walipiga marufuku kuingiza na kuuza jojo tangu 1992. Mpaka 2004 ndipo wakaruhusu zile za tiba, nazo zinauzwa kwa utaratibu maalumu. Nyie mlichapwa kidogo tu mnalia.

Mpogo wa Buguruni

Kwa hiyo mwalimu wangu wa Maarifa ya Jamii alisomea Singapore. Sikujua.

Monita Mstaafu

Natubu humu humu kwa sababu hamnijui.

Nilikuwa monita, darasa la sita. Mwalimu akitoka, mimi nabaki na karatasi ya majina. Ukiongea unaandikwa, ukirudia unaongezewa x. Kutafuna ilikuwa x mbili, sheria yangu mwenyewe. Ila ukinipa nusu, sikuoni. Kwa hiyo wenye jojo walikuwa wanakata kwa meno, nusu yao, nusu yangu. Nikaacha kabisa kununua. Kuna siku watu sita walilipa ndani ya kipindi kimoja, za aina tofauti, ya mnanaa na ya ndizi na sijui nini, zote nikazirundika mdomoni maana kuzitunza mfukoni kwenye joto la Februari ni kujitafutia balaa.

Mwalimu akarudi ghafla. "Monita, soma majina."

Nimesimama na karatasi. Shavu limevimba huku, nafungua mdomo, inatoka "mmmh". Akaniambia nisome tena. "Mmmh." Darasa likapasuka kwa kicheko, na waliocheka kwa nguvu kuliko wote ni wale sita. Nikavuliwa umonita siku hiyo hiyo, na aliyewekwa badala yangu ni mmoja wao. Huyo naye alikuwa anataka nzima, siyo nusu.

Mwalimu Chaki

Nimewasoma kimya kimya tangu mwanzo. Mimi ni mwalimu, niko kazini mwaka wa 19 sasa, Kinondoni. Mnadhani mlikuwa mnajificha?

Wekeni vidole hapa pembeni ya paji, juu kidogo ya sikio. Haya, tafuneni hata mate. Mnasikia panavyocheza? Msuli wa taya umeanzia huko juu. Shavu unaweza kulituliza, ushungi unaweza kuuvaa (samahani Bibie), lakini hapo kwenye panja panacheza tu, na mwalimu aliyesimama mbele anapaona vizuri kuliko mdomo. Kingine, anayetafuna haangalii ubao. Ananiangalia mimi, kila ninapokwenda macho yako nami. Mwanafunzi makini kiasi hicho saa nane mchana hayupo Tanzania.

Sasa kwa nini tunakataza? Wengi mnadhani ni roho mbaya. Njooni siku ya usafi wa kufunga shule mpindue dawati moja. Chini yake kuna jojo za vizazi vitatu, nyingine zimekuwa nyeusi kama lami. Ikifika joto la Januari na Februari, zile mbichi zinalainika zinashuka kwenye mapaja na sketi za wenzenu. Wazazi wanakuja kwangu, siyo kwenu. Nimekwangua madawati kwa kipande cha msumeno mimi na wanafunzi wangu mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Fimbo kwa jambo hili siigusi. Kanuni za 2002 zenyewe zinasema viboko visizidi vinne, na zinataja makosa mazito. Jojo siyo mojawapo. Adhabu yangu ni hii: ukikamatwa unakuja mbele, unakaa kwenye kiti changu, unatafuna kipindi kizima bila kusimama. Dakika 40. Dakika kumi za kwanza anatamba, anawachekea wenzake. Ya ishirini anashika shavu. Ya thelathini ananiomba msamaha kwa ishara ya mkono maana taya halitii tena.

Bibie wa Tandika

Mwalimu nimepima hapo kwenye panja na kioo. Kumbe miaka yote ile mlikuwa mnaniona mkaniacha!

Mwalimu Chaki

Wenye adabu tunawaacha.

Mzee wa Ilala

Nyie watoto. Mnaongelea jojo za dukani kama vile zilikuwepo siku zote.

Sisi tulisoma mwanzoni mwa miaka ya 80. Vita vya Kagera vimeisha, dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, mtu anapanga foleni hajui hata kinachouzwa ni nini. Jojo za PK tulizisikia kwa waliokuwa na ndugu Nairobi. Tulichotafuna sisi ni ngano. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, akipita Hanang anarudi na kifuko cha ngano. Unachukua punje mbichi, kiganja kimoja, unatia mdomoni unatafuna polepole, unameza ule ungaunga unaotoka. Usiharakishe, ukiharakisha unameza zote. Baada ya muda kinabaki kitu kinavutika, cheupe, unakitafuna mpaka jioni. Puto halipulizi vizuri, ila taya linapata kazi.

Uzuri wake hainuki, haina karatasi, haina rangi. Nilitafuna mwaka mzima. Siku nilipokamatwa mwalimu wa Hesabu aliinama mpaka sikioni kwangu, nikajua leo ndiyo leo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ni ngano hiyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua kiganja chini ya dawati: "Zimebaki?"

Nikammiminia nusu. Akarudi mbele akaendelea na sehemu na desimali, panja lake linacheza. Mwalimu Chaki umenifanya nilikumbuke hilo panja leo, baada ya miaka 40.

Chenji ya Mangi

Mimi sikuwahi kununua hata moja. Nilikuwa natumwa mkate, Mangi hana hamsini ya kurudisha, ananipa jojo. Mama anauliza chenji iko wapi, namwambia Mangi kanipa jojo. Iko wapi? Nimeitafuna. Basi ikawa siku ambazo Mangi anayo hamsini, namwambia "weka tu jojo". Ilikwenda miezi. Mama alipokuja kuambiwa na Mangi mwenyewe, shuleni palionekana peponi.

Kandambili

Swali la kizushi: kuna aliyewahi kuazimwa jojo iliyotafunwa? Darasa letu ilikuwa kawaida, mwenye nayo anatafuna mpaka mapumziko, mwenzake anapokea baada ya mapumziko. Kuna moja ilizunguka dawati zima, watu wanne, Jumatatu mpaka Jumatano. Usiku ilikuwa inalala kwenye kifuniko cha kalamu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hapo sasa sina la kusema. Mko hai, tumshukuru Mungu.

Kiti cha Nyuma

@Kandambili hilo swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Nilichokikuta kwenye mfuko wa sweta ni jojo iliyokwisha kutafunwa, imeviringwa vizuri kwenye kipande cha karatasi ya daftari, juu yake kumeandikwa kwa penseli "ALHAMISI". Nikamwita. Nikakaza uso kama mwalimu wa zamu. Nikamuuliza, mama, hii ni nini?

Akaiangalia, akaniangalia. Akasema, "Baba, siyo yangu. Ni ya dawati langu. Mimi leo ndiyo zamu ya kuitunza, naomba usiitupe, watanidai."

Nimeirudisha mfukoni. Mama yake hajui, na msimwambie.