Kijana wangu wa chokaa: cheti kwanza au fundi mzee kwanza?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kumalizia nyumba hapa Lamu, nina vijana wawili wa mkono. Lipu ya simiti, rangi, vigae, yote wanaweza. Shida ni chokaa. Nyumba za Mji wa Kale, uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni za mawe ya matumbawe. Ukizipiga simiti ukuta haupumui: unyevu na chumvi vinabaki ndani, lipu inavimba na kubanduka. Chokaa huachia unyevu, lakini yataka kurowekwa, kupigwa tabaka nyembamba na kungojewa. Vijana hawana subira hiyo, na tuseme kweli, malipo ya wenye nyumba hayawatii moyo.

Mmoja anataka cheti cha NITA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi), Gredi ya 3, ile ya kuanzia, apate kazi kwa wakandarasi. Simzuii. Lakini mtihani wa uashi utamfaa nini kwenye niru, ile lipu laini nyeupe ya kumalizia, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani? Aanzie wapi, kwenye cheti au kwa fundi mzee wa chokaa? Na nyinyi wa Malindi mnaofanya mahoteli, mwanagenzi wa chokaa mnamlipa kwa siku au kwa kazi?