Re: Mtihani wa Life in the UK – mke wangu ameanguka mara ya pili

Baba Imani, Coventry:

Assalaam aleikum, na shikamooni wakubwa wote.

Naomba msaada wa wanaojua. Mama Imani ameanguka tena mtihani wa Life in the UK, ule wa maisha ya Uingereza wanaofanya wanaoomba ukaaji wa kudumu au uraia, juzi Jumanne. Viza yake inaisha mwezi wa tisa, na tulikuwa tumepanga aombe ukaaji wa kudumu kabla ya hapo. Je, kuna njia ya kuufanya kwa Kiswahili? Na akianguka tena, tunafanyaje?

Lingine nalitoa kwa uchungu tu. Huyu mtu anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza katika nyumba ya kulelea wazee. Kodi analipa. Wazee wenyewe wanamwita kwa jina na wanamlilia akiwa likizo. Halafu anaambiwa hajui maisha ya nchi hii kwa sababu hakukumbuka vita vilipiganwa mwaka gani. Huu mtihani unapima nini, jamani?

Mama Rehema, Leicester:

Wa aleikum salaam, Baba Imani. Poleni sana, na umwambie mwenzio asijione hana akili. Wengi humu tumeanguka, ila hatusemi.

Nianze na ya haraka. Kiswahili hakipo. Mtihani ni kwa Kiingereza, au Kiwelisi kwa anayefanyia Wales na Kigaeliki kwa anayefanyia Scotland. Kurudia anaweza mara yoyote, mradi siku 7 zipite, na kila mara ni pauni 50. Maswali ni 24 kwa dakika 45, na anatakiwa apate 18. Jina analojiandikishia lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Dada mmoja wa hapa kwetu alirudishwa mlangoni kwa kuwa pasipoti ina majina matatu na yeye alijaza mawili, na pesa haikurudi. Kuhusu viza, akiona tarehe inakaribia na hajapasi, aombe kuongezewa muda kabla haijaisha, asikae hata siku moja bila ombi. Ni ghali, ada ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, lakini kukosa karatasi ni balaa kubwa zaidi. Nendeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, msimfuate mtu wa vichochoroni.

Sasa hilo swali lako la mwisho. Nimelilalia na kuliamkia.

Tangu 2014 nakisoma kitabu cha serikali cha mtihani huu na akina mama kila Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wetu. Nimepata wanafunzi wa kila namna. Yupo mmoja, mtu wa Pate, aliyeendesha duka la vitambaa Lamu mjini miaka kumi na minane, madeni ya wateja wote yamo kichwani, hakuna aliyemdhulumu hata shilingi. Siku ya kwanza tulipomkalisha mbele ya kompyuta ya mazoezi, aligusa kioo kwa kidole kama anavyogusa simu yake. Kioo hakikujibu. Nikampa kipanya akishike, mkono ukawa unatetemeka na mshale unamkimbia. Jumamosi tatu nzima tulijifunza kipanya, hatujafika hata kwa Warumi. Yeye alipasi mara ya nne. Pauni 200, na alizipata kwa kusafisha ofisi usiku.

Lakini nikueleze jinsi alivyopasi, maana itamfaa Mama Imani. Wale wake sita wa Mfalme Henry VIII walikuwa wanamponyoka kila wiki, Anne huyu na Catherine yule. Siku moja nikaacha kitabu, nikamhadithia kama hadithi za nyumbani: huyu aliachwa, huyu alikatwa kichwa, huyu alifia uzazi, huyu aliachwa, huyu naye akakatwa kichwa, huyu akabaki hai. Akanyamaza kimya. Kisha akasema, "Maskini, watoto wa watu." Hakuwasahau tena. Kwa hiyo msimkalishe mwenzio na maswali ya kwenye simu peke yake. Mhadithieni.

Sitasema mtihani hauna faida yoyote, nitakuwa muongo. Kitabu kina sehemu inayoeleza sheria: kwamba kumpiga mke ni jinai, kwamba binti haozwi kwa nguvu, kwamba kukeketa ni kosa hata ukimpeleka mtoto nje ya nchi. Siku tulipoisoma sehemu hiyo tulifunga mlango. Mama mmoja aliniuliza mara mbili, sauti chini: "Hata kama ni mume wako?" Nikamwambia hata kama ni mume wako. Kwa ukurasa ule mmoja, kitabu kilistahili bei yake. Ndiyo maana nakasirika ninapoona ukurasa huo umezungukwa na urefu wa London Eye, lile gurudumu kubwa la watalii, na mwaka wa vita vya Bosworth.

Tena kilichoachwa ndicho tulichokihitaji. Profesa Thom Brooks wa Chuo Kikuu cha Durham, Mmarekani aliyefanya mtihani huu mwenyewe akapata uraia, aliandika ripoti mwaka 2013 kuhusu toleo hili la tatu la kitabu. Alionyesha kwamba mambo ya kupiga 999 wakati wa dharura na kujiandikisha kwa daktari yameondolewa, huku tarehe za historia zikijazwa kwa mamia. Mwaka 2022 kamati ya Baraza la Malodi nayo ilikilaumu kitabu vikali. Toleo bado ni lilelile.

Na kuna sentensi moja nimekaa nayo miaka yote hii. Kitabu kinasema kwamba makoloni yalipopata uhuru, mambo kwa sehemu kubwa yalikwenda kwa utaratibu, kutoka himaya hadi Jumuiya ya Madola. Mimi ni mzaliwa wa Hola, kando ya Mto Tana. Baba yangu alikuwa kijana pale kambi ya wafungwa wa Mau Mau ilipokuwepo, na aliwaona wakipelekwa kwenye kazi ya kuchimba mfereji. Tarehe 3 Machi 1959 askari waliwapiga wafungwa waliokataa kazi mpaka 11 wakafa, na serikali ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Baba alikuwa akisimulia mpaka kwenye hayo maji, kisha anainuka na kutoka nje. Juni 2013, serikali ya Uingereza ilisimama Bungeni ikaeleza masikitiko yake, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya jumla ya pauni milioni 19.9. Kitabu hiki kilianza kutumika mwaka huohuo.

Swali la sentensi ile sikuulizwa siku yangu. Ningeulizwa ningebofya jibu la kitabu, maana nilikuwa na watoto na nilihitaji karatasi. Hilo ndilo linaloniuma. Nchi inayotaka niijue, niijue kwa ukweli wake.

Je, ufutwe? Hapana. Mtu kuijua nchi anayoishi ni haki yake na ni wajibu wake, na kwetu Afrika Mashariki pia, sheria ya Tanzania inamtaka anayeomba uraia ajue Kiswahili au Kiingereza. Ninachodai ni kurudishiwa mlango uliofungwa. Hadi Oktoba 2013, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo aliruhusiwa kusoma darasa la Kiingereza lenye masomo ya uraia. Akipanda ngazi moja, cheti hicho kilimtosha, hakufanya mtihani wa kompyuta. Yule mama wa Pate angeingia darasa hilo angetoka na lugha, na marafiki, na kujua amwambie nini daktari. Alitoka na majina sita ya malkia.

Baba Nia, Louisville:

Habari zenu ndugu. Nimesoma ya Mama Rehema mara mbili. Naongeza ya huku Marekani, kwa sababu kwetu yalikwenda tofauti na mimi naupenda mtihani wetu wa uraia kuliko yeye anavyoupenda wake.

Tulikuja 2007 kutoka kambi za Kigoma, sisi Warundi tuliokimbia mauaji ya 1972. Mama yangu hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Sheria ya huku inasema ukifika miaka 55 na umekuwa na grini kadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, miaka 15, husumbuliwi na Kiingereza, unaulizwa kwa lugha yako na unakwenda na mkalimani. Maswali wakati ule yalikuwa 100, yote na majibu yake yametangazwa bure, ofisa anauliza 10 kwa mdomo, unahitaji 6. Nikayarekodi yote kwa Kiswahili kwenye simu. Mama akawa anayasikiliza akipika, akitwanga isombe (kisamvu), asubuhi mpaka jioni. Wajukuu nao wakayajua.

Mwaka 2022, ofisa akamwuliza sababu moja iliyowaleta wakoloni Amerika. Mama akajibu, "Kukimbia mateso." Mkalimani akatafsiri. Ni jibu sahihi, limo kwenye orodha yao. Ofisa akatabasamu, mama akamtazama usoni. Tulipotoka akaniambia kumbe na hawa walikimbia. Nimewahi kumsikia mama akizungumza habari za kukimbia mara chache sana, na siku ile njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza.

Angalizo kwa walio huku: waliopeleka maombi tangu tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya, maswali 128 ya kusoma, 20 ya kuulizwa, 12 ya kupata. Msitumie karatasi za zamani.

Mama Rehema, Leicester:

Baba Nia, Mungu amtunze mama. Umenifundisha kitu. Kumbe tofauti haiko kwenye kuwepo kwa maswali. Mama yako aliulizwa na mtu, kwa lugha aliyolelewa nayo, na maswali yalikuwa mezani tangu mwanzo. Wajerumani nao wametangaza yao yote, 310, na mtu anaulizwa 33. Huku kwetu maswali yanafichwa, na kitabu unanunua.

Nieleze ulirekodije. Nataka tukae wanawake wanne hapa, kila mmoja achukue sura yake ya kitabu aihadithie kwa Kiswahili, kisha tuseme yale maneno ya Kiingereza yatakayotokea kwenye kioo, polepole, mara tatu tatu. Historia niachieni mimi. Yanayotakiwa na mtihani nitayasema yote, halafu nitaongeza ya Hola.

Baba Imani, Jumamosi tunaanza saa nne asubuhi. Kutoka Coventry mnabadilisha treni Nuneaton. Mwambie asilipie mtihani mwingine kwanza, na akinipigia akifika nitakuwa stesheni. Kipanya ninacho.